Nani Analiliwa? Filamu za Vita Ninazozipenda na Nisizozisamehe

Ndugu mwenyekiti, ndugu wanachama wa klabu yetu ya filamu, na ninyi wageni mliokuja mkidhani leo taa zitazimwa mara moja na picha kuanza: poleni. Filamu ipo, ila kwanza itabidi mnivumilie mimi.

Mwenyekiti aliponipigia simu aliniomba nije na orodha, filamu kumi bora za vita na kumi mbovu. Niliiandika, nikakaa nayo wiki mbili, kisha nikaichana. Orodha za namna hiyo ni kama mabishano ya mpira, kila mtu huondoka na timu aliyokuja nayo. Leo nimekuja na swali moja tu. Nitalipitisha kwenye filamu kadhaa. Nyingine nitakaa nazo, nyingine nitazipita kama basi lililokwisha kujaa.

Swali lenyewe sikulitoa kitabuni. Tulipokuwa watoto, kila tulipotoka kutazama filamu ya vita tulikwenda moja kwa moja kuicheza. Bunduki zilikuwa vijiti, mabomu yalikuwa madongo, na milio tuliitoa kwa midomo mpaka mate yakakauka. Shida ilikuwa moja: hakuna aliyekubali kufa. Sote tulikuwa steringi, na sheria mnaijua, steringi hafi. Basi kazi ya kufa akapewa aliyekuwa mdogo kuliko wote, mtoto wa miaka sita hivi. Alikufa akiwa Mjerumani, akainuka, akafa akiwa Mjapani, akainuka, akafa akiwa adui tu asiye na nchi. Siku moja alianguka akagoma kuinuka. Tukamwambia, wewe, amka, tunataka ukafe kule ng'ambo. Akafumbua jicho moja akasema: "Siamki. Hamjanililia."

Tulimcheka, mmoja wetu akamvuta mguu, mchezo ukaendelea. Miaka mingi baadaye ndipo nilipogundua kwamba kila filamu ya vita ninayoitazama naipima kwa dai la yule mtoto. Humu wanakufa akina nani? Na kati yao, nani analiliwa?

Nianze na mkongwe, All Quiet on the Western Front ya mwaka 1930. Aliiongoza Lewis Milestone kutoka kwenye riwaya ya Erich Maria Remarque. Ni filamu ya Kimarekani inayohusu vijana wa Kijerumani katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na ilitengenezwa miaka kumi na miwili tu baada ya bunduki kunyamaza. Wengi wanamkumbuka kipepeo wa mwisho: kijana Paul ananyoosha mkono nje ya handaki ili amguse, mdunguaji wa Kifaransa analenga, mkono unashtuka, unalala. Mkono ule, kwa taarifa yenu, si wa mwigizaji. Ni wa Milestone mwenyewe.

Ila tukio ninalolipenda mimi linatangulia hilo. Paul amejibanza ndani ya shimo lililochimbwa na bomu. Askari wa Kifaransa anamwangukia humo, naye kwa hofu anamchoma. Halafu hawezi kutoka, risasi zinapita juu yake, na Mfaransa hafi upesi. Usiku kucha Paul yuko na mtu anayekata roho kwa mkono wake. Anamtafutia maji. Anambembeleza. Anamwomba msamaha akiwa hai, anamwomba msamaha akiwa maiti. Kisha anafungua pochi ya marehemu na kukuta picha ya mke na mtoto. Aliyeigiza maiti ile ni Raymond Griffith, mchekeshaji wa zama za filamu bubu, mtu aliyekuwa na kasoro ya koo hata asiweze kupaza sauti. Filamu zilipoanza kusema, yeye hakuwa na sauti ya kuzipa. Akapewa nafasi hii moja ya kufa bila neno, akafa vizuri kuliko wengi waliopewa hotuba ndefu.

Pale shimoni ndipo niliposhtuka, maana sheria yetu ya utotoni ilivunjwa: steringi anamlilia adui. Na wapo walioelewa hatari ya jambo hilo kabla yangu. Filamu ilipoonyeshwa Berlin, Desemba 1930, Joseph Goebbels, mkuu wa propaganda wa chama cha Nazi, aliwapeleka vijana wa chama chake ukumbini. Wakarusha vibomu vya uvundo, wakaachia panya weupe katikati ya viti. Siku chache baadaye filamu ikapigwa marufuku Ujerumani. Chama kilichojidai hakiogopi jeshi lolote kilimwogopa kijana mmoja anayemwomba radhi maiti.

Mwaka 2022 Wajerumani wenyewe waliirudia hadithi hiyo chini ya mwongozaji Edward Berger, wakapata Oscar nne. Dakika zake za mwanzo ni hazina. Kijana anayeitwa Heinrich anakufa vitani, na badala ya kumwombolezea, kamera inafuata nguo zake. Zinavuliwa, zinafuliwa ndani ya maji mekundu, matundu ya risasi yanazibwa na akina mama wenye cherehani, kisha zinakabidhiwa Paul zikiwa kama mpya. Paul anaona ndani ya kola pameandikwa jina la mtu mwingine. Anazirudisha kwa adabu kabisa: samahani, hizi zina mwenyewe. Ofisa anakichana kile kitambaa cha jina, anasema pengine zilimbana huyo bwana, anakiangusha sakafuni. Sijaona njia fupi kuliko hiyo ya kuonyesha mtu anavyofutwa.

Ninachogombana nacho ni mwisho wake. Remarque alimuua Paul Oktoba 1918, siku iliyotulia kiasi kwamba taarifa ya jeshi ilisema upande wa magharibi hakuna jipya. Huo ndio uchungu wenyewe, na ndiyo maana ya jina la kitabu. Berger anamuua sekunde chache kabla ya saa tano asubuhi ya Novemba 11, saa ya kusitisha vita, katika shambulio la dakika za mwisho huku muziki ukitikisa viti. Mtu aliyekufa bila kutambuliwa na yeyote amegeuzwa kuwa karibu wa mwisho kufa. Wamemfanya steringi kwa mlango wa nyuma.

Paths of Glory ya Stanley Kubrick, 1957, nitaieleza kwa kifupi kwa sababu ninataka mkaitazame bila mimi. Jenerali wa Kifaransa anaamuru shambulio lisilowezekana. Linashindwa. Ili kuficha aibu, wanachaguliwa askari watatu wapigwe risasi kwa kosa la uoga. Mmoja wao amepasuka fuvu, hajitambui, analetwa kwenye nguzo juu ya machela, wanamfinya mashavu azinduke ili afe akiwa macho. Mambo ya namna hii yalitokea kweli. Huko Souain mwaka 1915 makoplo wanne wa Kifaransa waliuawa na jeshi lao wenyewe, na majina yao hayakusafishwa mpaka 1934. Filamu hiyo haikuonyeshwa Ufaransa mpaka 1975.

Tukio la mwisho ndilo lililonifanya niiweke juu kabisa. Askari wako kilabuni, wanapiga miluzi na kumzomea msichana wa Kijerumani aliyetekwa, analazimishwa kuimba. Anaimba wimbo wa kwao huku machozi yakimtoka. Makelele yanapungua. Maneno ya wimbo hawayajui, lakini mmoja anaanza kuufuatisha midomo ikiwa imefumbwa, mwingine naye anaingia, na mara nyuso zote zimelowa. Hakuna anayesema wanamlilia nani. Nje, kamanda wao amekwisha kupokea amri ya kuwarudisha mstari wa mbele, anaomba waachiwe dakika chache zaidi.

Sasa naomba tukae na moja kwa muda. Come and See, ya Elem Klimov, ilitoka Umoja wa Kisovyeti mwaka 1985. Jina lake lina maana ya Njoo Uone, maneno yaliyotoka katika sura ya sita ya Kitabu cha Ufunuo. Inatokea Belarusi, 1943, chini ya Wanazi. Mwandishi mwenza wa skripti, Ales Adamovich, alikuwa na wapiganaji wa msituni yeye mwenyewe akiwa kijana mdogo, kwa hiyo hakuna kitu humu kilichobuniwa na mtu aliyekaa mbali.

Inaanza, amini usiamini, na mchezo wetu uleule. Watoto wawili wanafukua mchanga wakitafuta bunduki iliyozikwa na waliokufa. Mmoja wao, Flyora, anaipata, na kwa hiyo bunduki anaruhusiwa kujiunga na wapiganaji. Anacheka mpaka masikioni. Mwigizaji, Aleksei Kravchenko, alikuwa kijana ambaye kabla ya hapo hakuwa mwigizaji. Mwangalieni vizuri dakika za mwanzo, maana uso ule hamtauona tena. Kufikia mwisho una makunyanzi ya mzee, na filamu imechukua siku chache tu za maisha yake.

Mapema mabomu yanaanguka karibu naye, masikio yanaziba, na kwa muda mrefu sisi pia tunasikia kama yeye: mlio mwembamba usiokatika, sauti za watu zikitoka kama chini ya maji. Filamu nyingi za vita zinatupa mshindo. Hii inatupa uziwi unaofuata mshindo.

Halafu Flyora anarudi kijijini kwao pamoja na msichana aitwaye Glasha. Nyumba ni kimya. Supu bado ina joto. Sakafuni kuna wanasesere wamelazwa, na nzi wanavuma. Flyora anajipa moyo kwamba mama na wadogo zake wamejificha ng'ambo ya kinamasi, anatoka mbio. Glasha anamfuata, na akiwa anakimbia anageuza kichwa mara moja tu. Nyuma ya nyumba, kwenye ukuta, anaona. Sisi tunaona pamoja naye, sekunde chache, kwa mbali. Kamera haisogei karibu. Flyora hakugeuka. Kwa hiyo tunabebeshwa msiba wake kabla yeye hajaujua, na tunalazimika kumtazama akipiga mbizi kwenye tope kuwatafuta watu ambao sisi tunajua wako wapi. Nimeitazama filamu hii mara mbili. Mara ya pili nilijilazimisha kwa ajili ya leo, na hapo niliisimamisha nikatoka nje.

Sehemu ya kijiji kinachofungiwa ndani ya banda na kuchomwa moto sitaisimulia. Mwishoni maandishi yanasema vijiji 628 vya Belarusi viliteketezwa pamoja na wakazi wake wote. Flyora, ambaye katika filamu nzima hajapiga risasi hata moja, anaikuta picha ya Hitler ndani ya dimbwi na kuanza kuipiga. Kila risasi inarudisha nyuma picha halisi za wakati ule: majengo yaliyobomoka yanasimama, majeshi yanatembea kinyumenyume, Hitler anakuwa kijana, anakuwa mwanafunzi, anakuwa mtoto mchanga juu ya mapaja ya mama yake. Hapo Flyora anashindwa kufyatua.

Klimov aliishi mpaka 2003. Hakutengeneza filamu nyingine.

Kutoka hapo ni vigumu kuhamia kokote, basi nihamie penye hesabu. The Battle of Algiers ya Gillo Pontecorvo, 1966, kuhusu Waaljeria na wanajeshi wa Ufaransa ndani ya jiji la Algiers. Karibu waigizaji wote walikuwa watu wa kawaida. Saadi Yacef, aliyekuwa kiongozi wa wapiganaji jijini humo, ni mmoja wa watayarishaji na anaigiza mtu ambaye kwa kweli ni yeye mwenyewe. Mngetegemea basi kwamba filamu itawalilia wa upande mmoja. Wanawake watatu wa Kialjeria wanabeba mabomu kwenye vikapu kuyapeleka mahali Wafaransa wanapostarehe. Kabla bomu halijalipuka, kamera inazunguka polepole kwenye nyuso za watakaokufa, na humo yumo mtoto anayelamba aiskrimu. Hakuna aliyemlazimisha Pontecorvo kumweka mtoto yule. Kisha sikilizeni muziki. Wimbo wa maombolezo unaosikika maiti za Waaljeria zinapotolewa kwenye kifusi ndio uleule unaorudi kwa maiti za Wazungu. Ni sauti ileile, bila kupunguza.

Mwaka 2003 filamu hii ilionyeshwa Pentagon, makao makuu ya wizara ya ulinzi ya Marekani, kwa maofisa waliokuwa na Iraq mikononi. Wapiganaji wa msituni nao wamejifunza kwayo. Wengine wanaihesabu hiyo kuwa lawama kwa filamu. Mimi nasema haikumdanganya yeyote kati yao.

Saving Private Ryan, sasa. Naona mzee wa kiti cha mbele ameanza kukunja uso, najua anaipenda. Mzee wangu, dakika ishirini na kitu za kwanza hata mimi nakuvulia kofia. Wamarekani wanashuka Ufaransa kwenye ufukwe wa Omaha, Juni 6, 1944, uliopigwa picha kwenye pwani ya Ireland. Hakuna mtu aliyepiga filamu ya vita baada ya 1998 bila kuitazama ile. Lakini ndani ya dakika zilezile kuna jambo dogo. Askari wawili wanatoka kwenye mahandaki ya Wajerumani mikono juu, wanapiga kelele. Wamarekani wanawapiga risasi na kufanya mzaha. Tafsiri haiwekwi. Ukijua Kicheki, utasikia wanasema wasipigwe, wao ni Wacheki, hawajaua mtu. Nchi yao ilikaliwa na Hitler, wakavalishwa sare ya aliyeikalia. Steven Spielberg ameficha msiba mzima ndani ya lugha ambayo watazamaji wengi hawaijui. Sijaamua kama hilo ni ujasiri au ni woga. Siku nyingine naona ni tukio bora kuliko yote ndani ya filamu ile.

Kinachonikera kinakuja baadaye. Wanamwachia huru mateka wa Kijerumani kwa sababu ya huruma ya mkalimani wao. Mateka yuleyule anarudi, anampiga risasi kapteni. (Watu humchanganya na yule Mjerumani mwingine anayemchoma kisu Mellish, askari wa Kimarekani, ghorofani. Ni watu wawili tofauti, tazameni tena.) Basi mkalimani, ambaye filamu nzima hajaua, anamuua mateka, na filamu inatupangia hilo kama siku aliyokuwa mwanamume. Klimov alimsimamisha mtoto mbele ya mtoto, akashusha bunduki. Spielberg alisema huruma ilikuwa kosa la hesabu.

Nimefika kwa zile nisizozisamehe. Ya kwanza ni Black Hawk Down ya Ridley Scott, 2001, kuhusu mapigano ya Mogadishu ya Oktoba 3 na 4, 1993. Na nianze kwa kuisifu, kwani ubaya wake umo ndani ya ustadi wake. Ilipata Oscar ya uhariri na ya sauti, na ilistahili zote mbili. Unajua kila helikopta iko wapi, unajua kila mtaa unaelekea wapi. Usichojua ni Msomali yeyote. Wanatoka vichochoroni kama maji, wanaanguka, wanatoka wengine. Yapo matukio machache sana ya Msomali akimlilia Msomali mwenzake, nayo yanapita hujameza mate. Filamu ilipigwa Morocco, na Wasomali walilalamika kwamba hata waliowaigiza hawakuwa Wasomali. Wanajeshi wa Malaysia na Pakistan walioingia na magari ya deraya kuwaokoa Wamarekani nao wamepewa nafasi finyu mno.

Halafu mwishoni filamu inajitolea ushahidi yenyewe. Maandishi yanasema Wasomali zaidi ya 1,000 walikufa na Wamarekani 19. Yanafuata majina. Majina 19. Mimi sipingi hata moja kati ya hayo. Walikuwa na mama zao. Lakini wale elfu moja walipewa nusu ya sentensi, na nusu hiyo ndiyo pekee waliyopewa katika filamu ya zaidi ya saa mbili. Yule mtoto wetu alikuwa na bahati. Yeye angalau tulimwambia aamke.

Nyingine haraka. The Green Berets ya 1968, John Wayne akiwa Vietnam. Mwishoni shujaa anamshika mkono yatima wa Kivietnam, wanatembea ufukweni jua likizama baharini. Pwani ya Vietnam inatazama mashariki. (Kicheko.) Jua lenyewe lilikuwa limepewa amri. Pearl Harbor ya Michael Bay, 2001: Wamarekani 2,403 walikufa asubuhi ile ya Desemba 7, 1941, nao wametumika kama pazia nyuma ya vijana wawili wanaompenda msichana mmoja. Ukitoka ukumbini unakumbuka aliolewa na nani.

U-571 ya mwaka 2000 ni kesi ya wizi. Inaonyesha wanamaji wa Marekani wakiteka mashine ya siri ya Enigma kutoka kwenye nyambizi ya Kijerumani. Waliofanya kazi hiyo ni Waingereza wa meli ya HMS Bulldog, walipoivamia U-110 Mei 1941, miezi saba kabla Marekani haijaingia vitani. Jambo hilo lilifika hadi bunge la Uingereza, na waziri mkuu Tony Blair akakubaliana na waliosema ni dharau kwa mabaharia wale. Ukitaka nyambizi, tazama Das Boot ya Wolfgang Petersen, 1981. Inakuambia kabla hata haijaanza kwamba Wajerumani 40,000 waliingia kwenye nyambizi katika Vita Kuu ya Pili na 30,000 hawakurudi. Kisha inakufungia humo ndani na vijana wenye ndevu na jasho, wanaotumikia upande mbaya kabisa, na unajikuta unashusha pumzi kila chuma kinapolia.

Kuna moja sijui niiweke wapi. Apocalypse Now ya Francis Ford Coppola, 1979, nayo ni ya Vietnam. Tukio la helikopta mnalijua hata msiojua filamu: zinatokea baharini asubuhi, spika zinapiga muziki wa Wagner, mtunzi wa Kijerumani, kijiji kinawaka. Nitakiri mbele yenu kwamba mguu wangu hupiga mdundo. Kila mara. Na Coppola alijua, maana katikati ya muziki anakata ghafla: kimya, uwanja wa shule, watoto wa Kivietnam ndani ya sare nyeupe. Ndio wanaofuatwa. Anakupa sekunde kadhaa za kuona aibu, kisha helikopta zinafika. Baadaye kwenye mto askari wanaimaliza familia nzima ndani ya mashua kwa sababu msichana alikimbilia pipa. Ndani yake kulikuwa na kitoto cha mbwa.

Lakini katika Jarhead, ya 2005, kuna ukumbi umejaa wanajeshi wa Marekani wanaokaribia kupelekwa kwenye vita vya Ghuba. Wanaonyeshwa tukio lile la helikopta, nao wanaimba muziki, wanashangilia, wanasimama juu ya viti. Kimya cha shuleni hawakisikii kwa sababu ya kelele zao. François Truffaut, mwongozaji wa Kifaransa, aliwahi kusema kwamba hajaona filamu inayopinga vita kwa kweli, kwamba kila filamu ya vita huishia kuipendezesha. Nilipokuwa kijana nilimpinga. Siku hizi nampinga kwa sauti ya chini.

Nampinga kwa kutumia Camp de Thiaroye, ya Ousmane Sembène na Thierno Faty Sow, 1988. Wanajeshi wa Afrika Magharibi waliopigania Ufaransa na kutekwa na Wajerumani wamerudishwa, wako kambini nje ya Dakar, wanadai mishahara yao. Alfajiri ya Desemba 1, 1944 jeshi la Ufaransa likawafyatulia risasi. Sembène hakutengeneza mapigano yoyote ya kushangilia. Alituweka kambini, kwenye foleni ya chakula kibovu, kwenye hesabu ya fedha. Yumo askari aitwaye Pays, aliyepoteza sauti na sehemu ya akili baada ya kufungwa Buchenwald, kambi ya mateso ya Wanazi. Usiku wa mwisho yeye ndiye mlinzi. Anaona vifaru vikija, anawaamsha wenzake kwa ishara. Wanamtuliza. Wanadhani bado anaota Ujerumani. Mtu pekee aliyeona hana neno la kusema. Sidhani kuna askari yeyote mahali popote aliyetoka kwenye filamu ile akitamani bunduki.

Na Indigènes ya Rachid Bouchareb, 2006, kuhusu askari wa Afrika Kaskazini waliosaidia kuikomboa Ufaransa. Kwa sinema, mimi si shabiki wake mkubwa. Mapigano ya mwisho ni ya kawaida. Lakini pensheni za wakongwe wa makoloni zilikuwa zimegandishwa kwa miongo mingi, na ni baada ya Rais Jacques Chirac kuitazama ndipo serikali yake ilipotangaza kuzilinganisha na za Wafaransa. Basi sina kinywa cha kuisema vibaya.

Nimebakiza ile tunayoitazama leo. Ni katuni ya Kijapani, na naona kuna wageni wamekuja na tabasamu kwa sababu hiyo. Grave of the Fireflies, Kaburi la Vimulimuli, ya Isao Takahata, 1988. Hakuna anayepiga bunduki humu. Ni Kobe, 1945, mabomu ya moto yanatoka juu, na kijana Seita anabaki na mdogo wake Setsuko wa miaka minne. Aliyeandika hadithi ya asili, Akiyuki Nosaka, alifiwa na mdogo wake wa kike wakati wa vita ile, na hadithi aliiandika kama kumwomba radhi. Sheria ya steringi inavunjwa sekunde za kwanza: Seita anatuambia mwenyewe tarehe aliyokufa. Kwa hiyo msikae mkisubiri apone.

Mtazameni Setsuko asubuhi ile baada ya usiku wa vimulimuli. Walivijaza ndani ya chandarua vikawaangazia, kulipokucha vyote vimekufa. Yeye amechuchumaa nje, anafukia kwa mikono. Kaka yake anamuuliza anafanya nini.

Haifiki saa moja na nusu. Atakayeshindwa, mlango uko kushoto, hakuna atakayemtazama. Ndugu wa mitambo, zima taa.